Mjukuu ananiambia mimi tu, kisha ananiomba ninyamaze

BARUA

Mshauri,

Nina miaka 67 na ninaishi na mjukuu wangu wa kike wa miaka 15. Mama yake, ambaye ni binti yangu, anafanya kazi mbali na huja mara mbili kwa mwezi. Mtoto huyu amekulia mikononi mwangu, na mambo asiyomwambia mtu mwingine huniambia mimi.

Kwa miezi minne sasa amebadilika. Kwanza zilikuja hasira, kila swali likawa ugomvi. Kisha akawaacha rafiki zake, akaacha na kuchora, kitu alichokipenda kuliko vyote. Usiku halali, mchana haamki. Anaweza kukaa siku tatu bila kuoga. Tulimpeleka kliniki wakasema ni sonona, wakampa fluoksetini, kidonge kimoja cha miligramu 20 kila siku, na wakatuambia turudi baada ya wiki sita. Leo ni siku ya 16. Sioni nafuu, na kwa siku tano hivi naona hatulii: anainuka, anakaa, anazunguka chumbani, anatikisa miguu. Mjomba wake anataka tuache dawa, anasema vidonge vya akili vikishamzoea mtu havimwachi.

Jumanne usiku alikunja mikono ya sweta nikaona alama za wembe kwenye mkono wa kushoto, saba, nyingine zimekauka na nyingine mpya. Akalia. Akasema akijikata anapata kupumua. Kisha akasema, "Bibi, wakati mwingine naona bora nisingezaliwa. Lakini usimwambie mama." Nikamjibu sawa. Tangu siku hiyo ninalala mlangoni kwake nikisikiliza kama anahema.

Mimi mwenyewe natumia dawa za presha na kisukari, na tramadoli ya magoti. Zote ziko kwenye sinia kando ya kitanda changu, na yeye ndiye huniletea na maji kila asubuhi. Ni jambo pekee ambalo bado analifanya bila kuambiwa.

Nimtunzie siri au nimwambie mama yake? Nimjibu nini akirudia maneno yale? Dawa tuache? Na binti yangu husema nimemdekeza, ndiyo maana amekuwa hivi. Ni kweli?

Bibi asiyelala

JIBU

Shikamoo Bibi.

Naanza na sinia. Siri ni ya kesho, sinia ni la leo usiku.

Hamu ya kufa haikai kwa nguvu ileile saa zote 24. Hupanda, hufika kileleni, hushuka, na kilele chake mara nyingi ni cha dakika chache au saa chache. Katika dakika hizo, kilicho karibu na mkono kina uzito mkubwa sana. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vikali, hasa kuanzia mwaka 1995, vifo vya kujiua nchini humo vilishuka kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Huzuni za watu hazikupigwa marufuku. Ni sumu iliyoondolewa nyumbani.

Tafuta kisanduku chenye kufuli, au droo inayofungika kwa ufunguo. Ingiza dawa zote za nyumba: za presha, za kisukari na tramadoli kwanza, kisha vidonge vyake mwenyewe, mabaki ya dawa za zamani, na parasetamoli. Watu huiacha parasetamoli nje kwa kuwa wameizoea. Ifungie. Aliyemeza nyingi anaweza kuonekana mzima siku nzima huku ini likiharibika ndani, na dawa ya kulikinga ini hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8. Kwa hiyo ukishuku tu kwamba amemeza kitu, nenda naye hospitali hapohapo, beba na maganda ya vidonge. Usimtapishe, wala usisubiri kuona kama ataumwa. Dawa zilizokwisha muda zirudishe famasi. Sumu ya panya na dawa za wadudu zitoke nyumbani kabisa, kwa sababu kabati lenye kufuli halizitoshi. Viwembe navyo viondoke. Ufunguo ukae mwilini mwako, si chini ya mto wala kwenye chombo ambacho nyumba nzima inakijua.

Hili lifanye mbele yake. Ukimfungia kimyakimya ataona amegeuzwa mwizi, na mlango aliokufungulia Jumanne ataufunga. Mwambie hivi: "Nafungia dawa zote, zangu na zako, kwa sababu ugonjwa huu una usiku mbaya na sitaki ukukute na dawa karibu. Ukipata nafuu tutafungua pamoja."

Limebaki lile la kukuletea dawa asubuhi. Usimnyang'anye kazi hiyo ukamwacha mikono mitupu, maana ndiyo kamba aliyobaki ameishika. Ibadilishe. Kama una kipimo cha presha, yeye ndiye akufunge mkanda kila asubuhi, asome namba na aziandike daftarini pamoja na tarehe. Kama huna, alete maji na akae nawe wakati unameza ulichokitoa sandukuni mwenyewe. Na yeye ameze kidonge chake palepale, saa ileile. Hapo mnakunywa dawa wawili, wala hakuna askari anayemlinda mgonjwa. Asubuhi ni saa nzuri kwa fluoksetini, kwani kwa baadhi ya watu hufukuza usingizi.

Sasa yale maneno yake. "Bora nisingezaliwa" ni nusu ya sentensi, na nusu ya pili huijui. Huna budi kuuliza. Najua mdomo unakuwa mzito, kwa sababu wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba kulitaja jambo ni kuliita. Kwa kujiua si hivyo: kumuuliza mtu waziwazi hakumpandikizii wazo. Wengi husikia afueni kwamba kuna mtu mmoja anayeweza kulisikia neno hilo bila kukimbia.

Chagua saa ambayo mko pamoja mkifanya kitu cha mikono, usimkalishe kitako kama shauri la ukoo. Sema, "Juzi uliniambia bora usingezaliwa. Unafikiria kufa? Unafikiria kujiua?" Tumia neno lenyewe. Ukiuliza "Huna mawazo mabaya, sivyo?" umeshamfundisha jibu unalolitaka, na atakupa. Kisha nyamaza. Hesabu hadi 20 moyoni kama lazima. Akisema ndiyo, endelea taratibu: amewaza njia gani, amewaza lini, kitu hicho anacho au anajua kilipo, na je, amewahi kujaribu.

Majibu ndiyo yatakayokuonyesha njia. Akiwa na njia, na kitu anacho, au ametaja siku, au amejaribu karibuni, asibaki peke yake hata chooni kwa muda mrefu, na mwende kitengo cha dharura cha hospitali usiku huohuo. Mjomba ambaye mna ubishi naye kuhusu dawa anaweza kuwa na manufaa hapa: awapeleke. Kama anatamani kufa lakini hana njia aliyoiwaza, piga simu kliniki kesho asubuhi, usingoje tarehe yenu. Akisema hapana, mshukuru kwa kukujibu, na mwambie utauliza tena siku nyingine. Uulize kweli, kwa sababu jibu la leo si la wiki ijayo.

Kuna maneno ambayo hutoka kinywani kwa upendo na yanaumiza. "Umekosa nini wewe?" humwambia kwamba maumivu yake hayana ruhusa. "Ukifa mimi nitabaki na nani?" humtwika mzigo wako juu ya wake, na mtoto mwenye sonona tayari anaamini yeye ni mzigo. "Mshukuru Mungu, wapo wenye shida kuliko wewe" hufunga mazungumzo. Akitaka kuomba pamoja nawe, ombeni, lakini ombi lisiwe mtihani wa imani yake endapo kesho ataamka vilevile. Maneno yanayofaa ni mafupi: "Pole sana. Nimekusikia. Sitakuacha peke yako na jambo hili." Basi.

Siri, sasa. Ulimjibu "sawa" kwa hofu, na hakuna wa kukulaumu. Lakini ahadi hiyo huwezi kuitimiza. Mama yake ndiye mzazi. Ndiye atakayesaini tiba, ndiye atakayekuwa naye siku ambazo wewe hupo. Akija kugundua mwenyewe kwamba ulijua ukanyamaza, nyumba itakuwa na ugonjwa na ugomvi kwa pamoja, na mtoto ataona yeye ndiye amewagombanisha.

Kinachovunja imani ya kijana mara nyingi ni kusikia siri yake kwenye mdomo wa tatu. Akiambiwa kabla, na akapewa nafasi ya kuamua jinsi, hukasirika siku mbili akarudi. Kwa hiyo mwendee kabla hujampigia mama yake: "Nilikwambia sawa, nikakosea. Mambo mengine yote nitakutunzia, lakini linalogusa uhai wako siwezi kulibeba peke yangu. Mama atajua kabla ya Ijumaa. Wewe chagua: umwambie mwenyewe nikiwa pembeni, nimwambie mimi ukiwepo, au umwandikie nami nimpe." Kumwambia au kutomwambia hakuna mjadala. Nani aseme, wapi, kwa maneno gani, na kama mama ataonyeshwa mkono au la, hayo ni yake. Muulize pia anaogopa nini hasa. Mara nyingi ana hofu moja mahususi: mama atalia, mama ataacha kazi, mama atamwambia baba. Hofu ikijulikana inaweza kupangiwa. Kama majibu ya maswali yale ya juu yalionyesha hatari ya sasa hivi, basi hakuna cha Ijumaa. Mama anapigiwa saa hiyohiyo, na mtoto anajua kwamba anapigiwa.

Mama naye aandaliwe. Mzazi aliyeshtuka huingia akisema "Nionyeshe huo mkono!" na kikao kimeishia hapo. Mwambie binti yako kwamba mara ya kwanza aseme mambo matatu tu: nimefurahi umesema, sijakasirika, tutalishughulikia pamoja. Maswali yake yote ayahifadhi hadi kesho yake. Na wewe, Bibi, siku hiyo usijionyeshe kuwa ulijua zaidi yake. Inamuuma mama kusikia kwamba mwanawe alikimbilia kwa mwingine, hata kama mwingine huyo ni mama yake mzazi.

Siri zilizobaki ni zake. Kama amependa mtu, kama amegombana na rafiki, kama amefeli jaribio, nyamaza kwa uaminifu wote. Hizo ndizo zitakazomthibitishia kwamba neno lako bado lina thamani.

Kuhusu kujikata, alichokuambia, kwamba "anapata kupumua", ndicho vijana wengi husema. Maumivu ya mwili huishusha kwa muda mfupi ile dhoruba ya ndani, au humwamsha aliyekufa ganzi. Si maigizo ya kutafuta kuangaliwa. Mtoto anayeficha mkono ndani ya sweta miezi mizima hatafuti watazamaji. Wala si lazima iwe ni jaribio la kujiua, ingawa wanaojikata wana hatari kubwa zaidi ya kufika huko, na ndiyo sababu nasisitiza lile swali.

Kidonda kipya kioshwe kwa maji safi yanayotiririka, kikandamizwe kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunuafunua, kisha kifunikwe. Kikiwa kimeachama, ni kirefu kwenda chini, au damu haikomi baada ya dakika hizo, kinahitaji mtaalamu na pengine kushonwa. Mwulizeni pia habari ya chanjo ya pepopunda. Mtoto mpe vifaa vya kufungia kidonda, avijue vilipo. Haimaanishi umemruhusu, unamwambia kwamba hata usiku ule akiteleza, kidonda kitatunzwa na mtu atajua. Usimwapishe kwamba hatarudia. Atakapoteleza, kiapo kitamfanya afiche. Usikague mikono yake kila jioni pia. Mwombe jambo dogo zaidi: hamu ikimjia, aisukume mbele dakika 15 na aje alipo mtu. Katika dakika hizo wengine husaidiwa na maji baridi sana usoni, kushika barafu, kutembea kwa kasi, au kuchora mistari kwa kalamu nyekundu kwenye ngozi. Huyu ni mchoraji, hilo la mwisho lijaribuni. Si kila njia humfaa kila mtu, na ikishindwa haina maana ameshindwa yeye.

Sasa dawa, na hapa kuna jambo moja katika barua yako lililonishtua kuliko hoja ya mjomba. Umesema kwa siku tano hatulii, anainuka na kukaa, miguu haitulii. Hiyo inaweza kuwa sonona yenyewe, lakini dawa za kundi la fluoksetini zinaweza kuleta hali hiyo katika wiki za mwanzo au dozi inapopandishwa. Madaktari huiita akathisia, na mgonjwa hujisikia kama ngozi inamkataa. Katika mtu mwenye mawazo ya kufa ni dalili ya kuripotiwa kesho asubuhi, bila kungoja wiki ya sita. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Wiki sita bila kuonwa ni mbali mno kwa kijana aliyeanza dawa hizi. Ombeni aonwe kila wiki katika mwezi wa kwanza, hata kwa simu. Dalili nyingine za kupiga simu ni hasira za ghafla zisizo kawaida yake, mawazo ya kufa yaliyoongezeka, au kinyume chake: halali kabisa lakini ana nguvu tele, anaongea haraka, ana mipango mikubwa kumi kwa siku moja. Hiyo ya mwisho inaweza kumaanisha kwamba ugonjwa ni wa aina nyingine na unahitaji dawa nyingine.

Mwaka 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza onyo liandikwe kwenye dawa zote za sonona kuhusu watoto na vijana. Majaribio 24 yalipojumlishwa, mawazo au matendo ya kujiua yalionekana kwa takriban 4 kati ya 100 waliomeza dawa, na 2 kati ya 100 waliomeza kidonge kisicho na kitu. Katika majaribio hayo hakuna aliyekufa kwa kujiua. Hatari hiyo ni ndogo lakini ni ya kweli, na iko zaidi mwanzoni. Dawa yake ni macho ya karibu.

Upande wa faida pia una namba zake. Mwaka huohuo kulichapishwa utafiti wa vijana 439 wa miaka 12 hadi 17 wenye sonona. Baada ya wiki 12, waliopata fluoksetini pamoja na tiba ya mazungumzo, 71 kati ya 100 walikuwa na nafuu kubwa. Fluoksetini peke yake, 61. Mazungumzo peke yake, 43. Kidonge kisicho na dawa, 35. Barua yako haikutaja mazungumzo popote. Nadhani hajapewa, na hilo ni pengo la kudai lizibwe.

Siku 16 ni mapema kukata tamaa. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya nne, na huchukua wiki sita hadi nane kukomaa. Madhara hutangulia faida: kichefuchefu, kichwa kuuma, usingizi kuvurugika, mengi yakipungua baada ya wiki moja au mbili. Mwambie mjomba kwamba dawa hizi hazileti uraibu wa kutamani dozi zaidi na zaidi. Anachokisikia mitaani kina chanzo, lakini: ukiziacha ghafla mwili hulalamika kwa kizunguzungu, hasira na ndoto nzito, kwa hiyo kuacha hufanywa kwa kushusha dozi na daktari. Kawaida huendelea miezi 6 hadi 12 baada ya mtu kupona. Kosa la wengi ni kuacha katika mwezi wa tatu kwa sababu mtoto ameanza kucheka.

Tramadoli yako asipewe hata siku ambayo kichwa kinamuuma, kwani pamoja na fluoksetini inaweza kupandisha serotonini, kemikali ambayo dawa hizi huigusa, mwilini hadi kuleta homa, kutetemeka na degedege. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki zikitumika pamoja na fluoksetini huongeza uwezekano wa kutoka damu tumboni, uliza kwanza. Na dawa za mitishamba, kama mnatumia, zitajeni kwa daktari bila aibu.

Umedekeza? Hapana. Sonona huja kwa mchanganyiko wa kurithi, mwili, na yaliyompata mtu. Haisababishwi na bibi anayependa. Lipo swali jingine ambalo binti yako analiuliza bila kulitamka: je, amwache alale mchana kutwa? Hapo yuko sahihi kwa nusu. Kumwacha kabisa humzamisha, na kumfokea humzamisha pia. Mwenye sonona hangoji hamu ndipo afanye. Anafanya kidogo, na hamu hufuata polepole nyuma. Kidogo kweli. Kuoga kugawanywe: leo uso na miguu, kesho taulo lenye maji mgongoni, keshokutwa mwili wote. Saa ya kuamka iwe moja kila siku, hata kama amelala saa tisa usiku, na isogezwe mapema kwa dakika 15 kila baada ya siku mbili au tatu. Saa ya kuamka ndiyo inayoitengeneza saa ya kulala. Vijana wanahitaji saa 8 hadi 10, na miili yao kwa asili huchelewa kusinzia kuliko yetu, kwa hiyo usimpime kwa saa yako ya alfajiri. Simu ilale nje ya chumba chake, na yako pia, ili isiwe adhabu.

Kila siku, saa ileile, kaeni dakika 20 ubavu kwa ubavu: kukunja nguo, kumwagilia mimea, kuchana nywele. Msitazamane. Kijana huongea zaidi macho yake yakiwa kwenye kitu kingine. Siku asiyosema neno nayo imehesabika; usimalizie kimya chake kwa nasaha. Weka karatasi na penseli karibu, usimwambie achore.

Nakutajia jambo moja kwa sababu umejishusha thamani kwenye barua yako. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi 14 wa Mbare, Harare, kukaa na wagonjwa wa sonona kwenye benchi nje ya kliniki. Watu wa huko huuita ugonjwa huo kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa 2016 uliwahusu watu wazima 573: baada ya miezi sita, kwa kila watu 100 waliokaa na wahudumu wa benchi, 14 walikuwa bado na dalili za sonona, na kwa kila 100 waliopata huduma ya kawaida ni 50. Bibi wale walisikiliza matatizo yote, wakamwomba mtu achague moja tu, wakatafuta naye hatua moja inayowezekana wiki hiyo, kisha wakauliza imekwendaje. Hilo unaliweza. Ila angalia: walifundishwa, walikuwa na wakubwa wa kuwauliza, na walirudi nyumbani jioni. Wewe unalala mlangoni. Gawaneni usiku na mama yake anapokuja, na mjomba apewe usiku wake. Presha na sukari yako vikipanda kwa kukosa usingizi, mtoto huyo atajilaumu yeye.

Tengenezeni pia karatasi moja ya usalama, kwa mwandiko wake na maneno yake. Mpangilio huu uliandaliwa na wanasaikolojia Barbara Stanley na Gregory Brown: dalili zinazoniambia usiku mbaya unakuja, ninachoweza kufanya peke yangu, watu na mahali pa kunipumzisha mawazo, watu wa kuwaomba msaada, pamoja na namba zao, wataalamu na hospitali, pamoja na namba, na tulivyofanya nyumba iwe salama. Kosa la kawaida ni mtu mzima kumwandikia. Akiandika "nitasikiliza nyimbo" kwenye mstari wa pili na wewe huzipendi nyimbo hizo, ziache. Nakala moja kwake, moja kwako, moja kwa mama. Jina lako lisiwe peke yake kwenye mstari wa nne. Litafuteni la pili, hata kama ni shangazi au mwalimu, maana kuna siku hutakuwepo.

Kwa ajili ya kliniki, tumia lile daftari la presha yako. Upande wako namba zako, upande wake amelala saa ngapi, amemeza dawa, ametulia au hakutulia, kwa alama tu, bila maneno ya kumhukumu. Aone unachoandika. Andika humo maswali matatu: kutotulia huku ni dawa? Tiba ya mazungumzo inaanza lini, na mara ngapi kwa wiki? Usiku tukikwama tunampigia nani? Na mkifika, mwache aingie kwanza peke yake na daktari, japo dakika 10. Wewe na mama yake kaeni nje na daftari mpaka mtakapoitwa.